Pumzi ya Mzee Kambarage

Mjini Shinyanga jina la Kambarage limepewa kata, limepewa na uwanja wa mpira. Wanaolitaja humkumbuka Rais Kambarage Nyerere. Mshairi hukumbukwa kwa nadra. Mimi namtafuta huyo mshairi, tena wa uzeeni, maana wengi huamini kwamba umri ukisogea msanii hubaki na hekima huku ufundi ukimtoka.

Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya *Julius Caesar* mwaka 1963, akiwa na miaka 40 hivi, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mistari yake haifungwi na vina, hivyo kila mhusika anapata mwendo wake: Brutus anajenga hoja, Antony anauchochea umati.

Mwaka 1996, akiwa na miaka 74, akatoa Injili nne na Matendo ya Mitume, zote kwa utenzi. Bahari hii haina huruma. Ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne hubeba kina cha utenzi mzima. Hebu hesabu: "Yerusalemu" pekee inakula mizani tano. Zinabaki tatu za kumfikisha mtu huko. "Juliasi Kaizari" ingejaza kipande kizima, pasibaki nafasi hata ya kitenzi. Kubeba vitabu vitano kwa kipimo hicho kunataka pumzi ndefu; anayetafuta wepesi hapiti njia hii.

Kuna kilichopotea, nacho ni kikubwa: sauti za watu. Katika utenzi Pilato na Petro hulazimika kusema kwa mapigo yale yale. Lakini aliyewahi kuwatenganisha Brutus na Antony alijua anachokiacha. Sisomi uchovu hapo. Tamthilia hudai jukwaa na waigizaji. Utenzi hutosheka na mghani mmoja, na asiyejua kusoma huushika kwa sikio.

Wala tusiseme kwamba vijana huvunja vina na wazee huvirudia. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliviacha katika diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974, akiwa na miaka 30. *Dhifa* ilipotoka mwaka 2008 alikuwa na miaka 64, na bado hakuvirudia. Kezilahabi aliendelea kumwandikia msomaji aliyekaa peke yake na kitabu. Nyerere, kwa ninavyousoma utenzi wake, alikuwa amehamia kwa waumini wanaosikiliza pamoja.