Mizimu ya Menengai na Wafu wa Meru

Akaaye Sekei hana haja ya kwenda mbali ili asikie hadithi za kutisha. Juu ya mtaa huo mteremko wa Mlima Meru umekatwakatwa na makorongo, na mlima wenyewe, wenye kimo kipatacho mita 4,560, ni mabaki ya volkeno iliyobomoka ubavu wake wa mashariki. Nchi ya namna hiyo huzaa masimulizi. Lakini lililo mashuhuri kupita mengi ya aina yake katika Afrika ya Mashariki liko Kenya, katika shimo la Menengai, na mtu wa Sekei anayo sababu ya kulichungua, kwa maana limetoka katika Kimaa, lugha ya Waarusha walio jirani zake.

Barabara ipandayo kutoka mjini Nakuru humfikisha mgeni ukingoni, na hapo ardhi hukatika ghafula. Karibu mita 500 chini yake limetandaa bonde la mawe meusi na vichaka, na humo mvuke hufuka kutoka ardhini. Mgeni huambiwa kwamba zamani wapiganaji wa Kimaasai walioshindwa vitani walisukumwa wakaanguka humo, na kwamba ule mvuke ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Huambiwa pia habari za watu waliopotea shimoni wakarudi bila kujua walikokuwa, na ati za mwavuli urukao angani mvua inyeshapo.

Mwavuli huo usichekwe upesi. Hauwezi kuwa umetoka katika vita vya karne ya kumi na tisa. Umeongezwa baadaye na wasimulizi walioishi mjini. Kwa hiyo simulizi hili lina matabaka kama ukuta wa shimo lenyewe, na kazi ya mhakiki ni kuyatenga. Tabaka la chini kabisa ni vita vya kweli: katika miaka ya 1870 Walaikipia, waliokuwa watu wa Kimaa, walivunjwa na Wapurko na washirika wao, wakatawanyika. Jina Menengai lenyewe hufasiriwa kuwa ni mahali pa maiti. Jina la Kikuyu, Kirima kia Ngoma, ni la tabaka jingine. Mswahili alisikiapo hudhani ni mlima wa ngoma za kuchezwa, kumbe katika Kikuyu ngoma ni mizimu.

Tabaka la juu ndilo linalostahili kulaumiwa. Wasimulizi wa siku hizi, wawaelezapo wageni kwa Kiswahili, hutumia neno moja tu: shetani. Yasemwa kuwa mahali pale ni pa mashetani, na mazungumzo yakaishia hapo. Lugha ya Kiswahili haikuwa na umaskini wa kuwalazimisha kusema hivyo. Mzuka ni kitu kimtokeacho mtu ghafula, nacho hakina nasaba. Shetani hakuwa mtu kamwe. Lakini mzimu ni wa mtu aliyekufa, naye ana ukoo, na walio hai wana haki na wajibu kwake. Ndiyo maana pahali pa kumtolea sadaka napo paliitwa mzimu. Msimulizi asemapo mzimu wa Menengai, hapana budi msikilizaji aulize: ni mzimu wa nani? Asemapo shetani, swali hilo halizaliwi. Walaikipia waliuawa mara moja kwa mkuki, na neno hili linawafuta hata katika idadi ya binadamu.

Msomaji aweza kusema kwamba hadithi ya kutisha haidaiwi historia. Ni kweli, kama ingekuwa ya kubuniwa tu. Lakini hii imejengwa juu ya wafu, na tamu yake yote yatokana nao.

Laiti jambo hili lingekuwa la Nakuru peke yake. Mashariki ya Arusha, katika nchi ya Wameru, pana Akeri, ambako mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku. Majina yao yameandikwa na hayatasahauliwa. Baada yao likaja jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes, pamoja na wasaidizi wa Kichaga. Vijiji vya Wameru na Waarusha vikachomwa moto, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Meli anajulikana na kila mwanafunzi. Wengi wa wale waliokufa migombani mwao hawajulikani na yeyote nje ya koo zao. Hawa bado hawajawa mashetani, kwa kuwa koo hizo zingalipo mlimani, na wazee wakiulizwa waweza kuwataja. Kinachotakiwa ni kuwauliza kwa Kimeru na kwa Kimaa, kisha kuandika jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake, kabla ya kuandika lolote la kutisha.

Mwaka ule ule wa 1900 Wajerumani walijenga boma mjini Arusha kwa nguvu za hao walioshindwa. Siku hizi ni makumbusho, na atokaye Sekei kwa miguu hulifikia mchana kweupe.