Panga la Baba: Akpan na Mhusika Mgumu Kuhukumiwa

Mwandishi chipukizi akiambiwa mhusika wake ni bapa, mara nyingi hukimbilia kumchanganyia sifa: muuaji anapewa mama mgonjwa wa kumuuguza, mlanguzi anapewa huruma kwa yatima. Msomaji huushtukia ujanja huo mapema, maana sifa hizo hazigongani popote. Katika hadithi fupi, mhusika huwa mgumu kuhukumiwa pale tendo lake moja linapookoa na kuangamiza kwa wakati mmoja. Mfano ninaourudia ni “My Parents’ Bedroom” ya Mnigeria Uwem Akpan, hadithi ya Rwanda ya 1994 iliyotoka katika jarida la The New Yorker mwaka 2006.

Msimulizi ni Monique, mtoto wa miaka tisa. Baba yake ni Mhutu, mama yake Mtutsi. Darini wamefichwa watu, naye hajaambiwa. Anaona majimaji yakichuruzika ukutani kutoka juu, anagusa, kumbe ni damu, na akili yake inakwenda kwenye mizimu. Akpan hamfafanulii mtoto, wala hatufafanulii sisi. Umati wa wauaji unapomshurutisha baba amuue mkewe, mama mwenyewe anamkumbusha ahadi waliyowekeana, na panga linashuka watoto wakitazama. Akikataa, watoto na waliofichwa wamo hatarini, akikubali, ameua. Angesimulia baba, kila sentensi ingekuwa utetezi. Angesimulia jirani, ingekuwa hukumu. Mtoto hana msamiati wa lolote kati ya hayo, kwa hiyo anasema alichokiona tu, na mzigo wa kupima unamwangukia msomaji.

Wapo watakaosema hadithi ya namna hii inamsafisha muuaji, na katika nchi ambayo manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wanaishi na kusoma, hofu hiyo ni ya haki. Lakini mwandishi humsafisha muuaji anapolificha tendo au kulipunguza uzito. Hapa mwili wa mama umelala chumbani, na mdogo wake Monique, Jean, anajaribu kumwamsha, anamnyoosha kidole, kinajikunja tena. Baada ya ukurasa ule hakuna anayeweza kusema baba hakuua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba aliyeshurutishwa hana uamuzi wa kupimwa. Hilo nalikubali nusu: ahadi ilitolewa kabla umati haujaingia, na hapo palikuwa na uamuzi. Ila umati wenyewe Akpan ameuacha bapa mno. Wanaoshurutisha hatuwajui kama tunavyomjua anayeshurutishwa.

Pengo hilo linawangoja waandishi wa Rusizi, wilaya ya magharibi mwa Rwanda. Watutsi waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka wa huko mwaka 1994 walilindwa na kutolewa kwenda kuuawa na watu waliojulikana kwa majina. Mtafiti Lee Ann Fujii, katika kitabu chake cha 2009, alionyesha watu waliojiunga na makundi ya wauaji huku wakimwokoa huyu au yule waliyemfahamu. Mahakama za Gacaca, yaani mahakama za kijamii zilizohukumu washukiwa wa mauaji hayo hadi zilipofungwa Juni 2012, zilipitia mashauri zaidi ya milioni 1.9, lakini kazi ya mahakama ni kutenga hatia, na hadithi ina kazi nyingine. Chukua mhusika wa kubuni, mwenye mtumbwi: mchana yuko kwenye bariyeri ya wauaji barabarani, usiku anavusha watu ziwa Kivu kwenda Congo. Mwandishi akiupa mchana ukurasa wake na usiku ukurasa wake, amerudi kwenye kuchanganya sifa. Amweke bariyerini, mbele ya wenzake, jirani aliyeahidiwa mtumbwi afike na kumwita kwa jina. Jambo lolote atakalofanya hapo litamgharimu mtu. Ndugu waandishi, andikeni tukio hilo lote hadi mwisho wake, na msimulizi awe mtu asiye na sababu ya kumtetea.