Kufuata Kijito: Jinsi Asili ya Jina Sykes Ilivyosakwa

Taja jina Sykes mbele ya mzee wa Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, naye atakupa habari za Kleist Sykes na African Association ya mwaka 1929, au za wanawe Abdulwahid na Ally, waliokuwamo kati ya watu 17 waliokiunda chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Litaje Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, utaulizwa: Sykes yupi? Kule jina hilo limejaa kama Juma na Hamisi walivyojaa pwani yetu. Nitarudi Dar es Salaam baadaye. Kwanza nataka tuitazame kazi iliyofanywa juu ya Masykes wa Yorkshire, maana ni majina machache ya Kiingereza yaliyochimbwa kwa njia nyingi kiasi hiki, na kila njia ilitoa jibu lake.

Msako wa jina huanza kwenye lugha. Sykes limetoka katika neno la Kiingereza cha kale, sīc, lililokuwa na maana ya kijito chembamba au mfereji wa maji, na mara nyingi maji hayo ndiyo yaliyokuwa mpaka kati ya shamba na shamba. Makarani wa zama za kati, walioandika kwa Kilatini kilichochanganyika na Kifaransa, walimwandika mtu wa mahali hapo "del Sike", yaani wa kijitoni. Ni namna ileile ya kusema Ali wa Mtoni ili kumtenga na Ali wa msikitini.

Neno hilo lina fununu moja nzuri, nayo iko kwenye herufi k. Kaskazini mwa Uingereza, nchi waliyokalia Waskandinavia, sauti ya k ilibaki ilivyo. Kusini iligeuka ikawa ch, na ndiyo sababu kuna ukoo mwingine unaoitwa Sitch, wenye maana ileile ya kijito. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa: akisikia mtu anasema "mtele" badala ya "mchele", anajua msemaji ana asili ya Mombasa au kaskazini yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua daftari lolote, k ile tayari imeshaondoa nusu ya Uingereza.

Lakini lugha haiendi mbali zaidi ya hapo. Milima ya Pennines, uti wa mgongo wa kaskazini, imejaa vijito. Kila bonde lina chake, na kila kijito kingeweza kumpa jina jirani yake. Vitabu vilivyotegemea maana ya maneno vikaona ni dhahiri kwamba Masykes wana mababu wengi wasiojuana. Hoja hiyo ina mantiki, ila inajibu swali jingine. Kamusi hueleza neno lilitoka wapi, haielezi mtu alitoka wapi. Kuna hata kitongoji kinachoitwa Sykes katika nyanda za Bowland, zamani kikiwa Yorkshire na sasa kikiwa Lancashire, na mtafiti mwenye haraka angeweza kuchomeka bendera yake pale na kutangaza kwamba amefika chimbuko. Asingekuwa amethibitisha chochote zaidi ya kufanana kwa majina mawili.

Hatua ya pili ni karatasi, na hapa ndipo kazi ngumu ilipo. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, wakubwa wenye ardhi ndio walioanza kurithishana majina. Watu wa kawaida wa kaskazini walichelewa. Wengi walipata majina ya kudumu katika karne ya 14, na baadhi hata baadaye. Maana yake ni kwamba mtu aliyeandikwa "del Sike" mwaka 1300 huenda alikuwa na mtoto aliyeandikwa kwa jina la kazi yake, na ndugu aliyeandikwa kwa jina la baba yao. Jina lilikuwa bado ni maelezo ya mtu, halijawa mali ya ukoo.

Mtafiti hujuaje basi kwamba jina limeshakuwa la kurithi? Hutafuta dalili mbili. Mtu anaitwa wa kijitoni ilhali anaishi mbali na kijito, au baba na mwana wanaandikwa kwa jina moja katika nyaraka zilizopishana kwa miaka. Yorkshire ina bahati kwa kazi hiyo. Kumbukumbu za mahakama ya milki ya Wakefield zinaanzia mwaka 1274, zikiwa zimejaa faini ndogondogo na habari za mashamba yaliyopita mkono kwa mkono. Kisha kuna orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379, iliyotozwa kwa kila aliyezidi miaka 16 isipokuwa ombaomba, mume na mke wakihesabiwa pamoja. Wazee wetu waliilaani kodi ya kichwa, na Waingereza wa kale nao waliilaani. Mwaka 1381 iliwafanya waasi. Lakini karani yule wa kodi, pasipo kukusudia, aliacha picha ya kijiji baada ya kijiji, nani aliishi wapi na aliitwaje.

Baada yake kuna daftari za parokia, zilizoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mwaka 1538, ambamo ubatizo, ndoa na maziko viliandikwa. Kuna kodi ya meko ya karne ya 17, na kuanzia mwaka 1837 usajili wa serikali. Kanuni ya kuzisoma nyaraka hizi ni moja: unarudi nyuma kutoka kwa anayejulikana kwenda kwa asiyejulikana. Anayeanza na mtu wa mwaka 1379 na kumshusha hadi leo hupata babu anayemtaka, si babu aliye wake. George Redmonds, mwanahistoria aliyeishi na kufanya kazi Huddersfield, alitumia miongo kadhaa kuyasoma majina ya Yorkshire kwa namna hii, bonde kwa bonde, na kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu West Riding, upande wa magharibi wa Yorkshire, kilionyesha faida ya kumjua mtu pamoja na shamba lake.

Njia ya tatu ni ramani. Mwaka 1890 Henry Brougham Guppy alichapisha kitabu kuhusu makazi ya majina ya Uingereza. Aliwaacha watu wa mijini akahesabu wakulima peke yao, akiwatoa katika vitabu vya anwani vya wakati ule. Sababu yake ilikuwa nyepesi na sahihi: mkulima hahami ovyo, kwa hiyo jina lake hukaa karibu na shina. Pia hakuishia kwenye idadi tupu, alihesabu uwiano, wangapi kwa kila wakulima 10,000.

Uwiano huo ndio roho ya kazi yote ya ramani, na wengi hukosea hapo. Tuseme London ina watu milioni 4 na Masykes 800, na mji mmoja wa bondeni una watu 100,000 na Masykes 500. Kwa idadi, London inaongoza. Kwa uwiano, London ina 2 kwa kila watu 10,000, na mji ule una 50. London ni dampo la majina yote ya nchi. Ukubwa wake peke yake unaifanya ionekane chimbuko la kila kitu. Sensa ya mwaka 1881, ambayo baadaye wanaojitolea waliinakili yote, mtu kwa mtu, iliwezesha hesabu hii kufanywa kwa nchi nzima. Ukiichora ya Sykes, unaona doa jeusi juu ya Huddersfield na bonde la mto Colne, linalofifia kadiri unavyosogea kwenda Lancashire na Cheshire, na kusini halionekani karibu kabisa.

Kwa nini jina limeganda pale? Nadhani hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kwa sababu jibu limo katika riziki za watu. Mabonde yale yana mwinuko mkali na udongo dhaifu. Shamba peke yake halilishi familia kubwa. Lakini wenyeji walikuwa wafugaji na wafumaji kwa pamoja. Nyumba moja ilikuwa na ng'ombe wachache nje na kitanda cha mfumi ndani. Kijana wa pili na wa tatu, ambao kusini wangelazimika kuhama kutafuta kazi, huku walibaki wakafuma kitambaa cha sufu. Viwanda vilipokuja, vilijengwa kandokando ya mito ileile. Ukoo ukaongezeka palepale ulipoota. Na mbali na mabonde hayo walikuwapo Masykes wenye mali: Mark Sykes, aliyetia jina lake kwenye mapatano ya mwaka 1916 ya kugawana nchi za Waarabu, alikuwa wa ukoo wa Sledmere, mashariki mwa Yorkshire, uliotajirika kwa biashara.

Ramani basi ilikuwa inasema "chimbuko moja" wakati kamusi inasema "machimbuko mengi". Mtu aliyeamua kupima alikuwa mwenyewe Sykes. Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliulizwa kama ana undugu na Sir Richard Sykes, mwenyekiti wa kampuni ya dawa ya Glaxo Wellcome. Hakujua. Lakini alijua kwamba kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya jina la ukoo. Walipopimwa, walifanana.

Ndipo yeye na Catherine Irven wakawaandikia wanaume wenye jina hilo katika Yorkshire Magharibi, Lancashire na Cheshire, waliochaguliwa bila kujali ukoo wao, wakiomba chembe za ndani ya shavu. Sampuli 48 zilipimwa katika sehemu nne za kromosomu Y, sehemu ambazo vipande vifupi hujirudia na idadi ya marudio hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: karibu nusu walikuwa na muundo mmoja, na muundo huo haukuonekana kwa majirani zao wenye majina mengine. Hitimisho lao lilikuwa kwamba Masykes walio hai wana babu mmoja. Waliobaki walielezwa kwa mambo yanayotokea katika kila ukoo kwa miaka 700: mtoto wa kulea, mtoto aliyechukua jina la upande wa mama, na mtoto ambaye baba wa nyumbani siye aliyemzaa. Makadirio yao yalikuwa asilimia 1.3 kwa kila kizazi.

Ilikuwa kazi ya werevu, ila hitimisho lilikwenda mbele kuliko ushahidi. Sehemu nne ni chache. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima wanaume 1,678 wenye majina 40, kwa sehemu 17. Majina adimu yalionyesha undugu wa karibu. Attenborough, kwa mfano, wengi wao mno wana muundo mmoja. Wenye jina Smith, yaani mhunzi, hawakutofautiana na watu waliookotwa barabarani. Halafu wakaonyesha kwa hesabu jambo ambalo linagusa moja kwa moja kisa chetu. Wakiwapo wanaume kumi waliochukua jina moja karne ya 14, wengine hawatazaa wana, wengine wana wao watakufa wadogo. Kizazi baada ya kizazi mistari inakatika, mpaka mmoja au miwili inabaki ikiwa imejaa nchi. Kipimo cha leo kitaonyesha babu mmoja hata kama walikuwa kumi. Ukikumbuka kwamba tauni ya 1348 na 1349 ilifyeka theluthi ya watu au zaidi, katika kipindi kilekile majina yalipokuwa yanaanza kushika, utaona uzito wa hoja hiyo.

Uamuzi wangu ni huu: ramani ya 1881 na wafumaji wa Colne ndio waliotoa jibu lenye nguvu, na vinasaba vililithibitisha kwa walio hai. Vijito vingine huenda viliwapa watu jina, lakini watu hao hawakuacha wana wa kulibeba.

Damu ina mengine ya kusimulia kule Yorkshire. Mwaka 2007 King na wenzake walitangaza kwamba mwanamume mmoja Mwingereza, asiyejua lolote kuhusu asili ya Afrika, alikuwa na kromosomu Y ya tawi la A1, linalopatikana Afrika Magharibi. Waliwapima wanaume 18 wenye jina lake adimu la Yorkshire, na 7 walikuwa nayo. Jina lilikuwa la Kiingereza kitupu, na babu yao wa upande wa baba alitoka Afrika.

Kwa Masykes wa Dar es Salaam mambo yamekwenda kinyume. Historia ya ukoo huo iliandikwa na mjukuu wa Kleist, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha *Modern Tanzanians* alichokihariri John Iliffe mwaka 1973. Babu yao, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji katika jeshi la Kijerumani la Hermann von Wissmann. Sykes lilikuwa jina lake yeye. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, akaitwa Kleist Sykes kwa desturi ya kwetu ya kufuatisha jina la baba. Kwa desturi hiyohiyo Abdulwahid angeitwa Abdulwahid Kleist, na Sykes lingepotea. Halikupotea, lilisimama, likawa la ukoo. Yaliyowapata wakulima wa Yorkshire karne ya 14 yalitokea Dar es Salaam karne ya 20, nayo tunayajua kwa sababu mjukuu aliketi akayaandika.

Familia nyingi za Afrika Mashariki bado zinabadili jina la pili kila kizazi, na hakuna karani wa 1379 aliyetuandikia. Ewe msomaji mwenye bibi au babu aliye hai, muulize majina ya waliomtangulia na kijiji cha kila mmoja, uyaandike wiki hii pamoja na tarehe uliyoyasikia.