Macho Chini

Karatasi ya alama ilikuwa na safu ya "kujiamini", alama kumi: amtazame msikilizaji, asimame wima, atumie mikono. Nilikuwa mmoja wa majaji wa mdahalo wa sekondari chini ya Milima ya Uluguru. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili tu. Nadhani nilialikwa kwa kuwa Jumamosi ile nilikuwa na nafasi.

Mada ilikuwa maji: Dar es Salaam iwalipe wakulima wa Uluguru, maana mito ya huko huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar. Mvulana wa upande wa kupinga alitembea jukwaani, akanyoosha kidole, akanyamaza pale anapotaka makofi. Akayapata. Msichana wa kuunga mkono alisimama mikono nyuma, macho chini. Alisema anayeacha kulima mteremko ili chemchemi isikauke anapoteza mahindi ya mwaka huu, na hasara hiyo haimo kwenye bili ya mtu wa mjini. Hakuna aliyemjibu. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kaishiwa huyu." Nikampa nne.

Kumbe alisimama kama alivyolelewa kusimama mbele ya wakubwa, na meza yetu ilijaa wakubwa. Angenikazia macho vile nyumbani kwao, angeambiwa hana adabu. Karatasi yetu ilisoma heshima kama woga, nami nikaisaini.

Wafundishaji wa midahalo hupenda kisa cha Kennedy na Nixon, mwaka 1960: waliosikiliza redioni, eti, walimpa Nixon ushindi, waliotazama televisheni wakampa Kennedy. Ushahidi wake ni hafifu. Ila kinachonikera ni funzo linalotolewa, kwamba basi kila mtu ajifunze kusimama kama Kennedy. Mbona hatumfundishi mtazamaji? Bungeni Dodoma mbunge huelekeza maneno yake kwa Spika, hata anapombomoa mwenzake aliyekaa upande wa pili, na hakuna anayesema amemwogopa. Tunajua kusikiliza hoja bila kudai macho. Kwa watoto wa shule tumesahau.

Matokeo yaliposomwa, upande wake ulishindwa kwa alama tano. Katika safu ile moja, mimi peke yangu nilikuwa nimemnyima sita.

Alipita mezani kutuaga. "Shikamoo." Nilipoitikia marahaba, nilikuwa nakunja ile karatasi.