Elimu Haina Mwisho: Gazeti la Mkulima au Gazeti kwa Mkulima?

Makada wanapofundishwa historia ya magazeti ya nchi yetu, kwa kawaida hutajiwa majina ya Dar es Salaam: Mwafrika, Uhuru, Mzalendo. Historia hiyo ni ya kweli, lakini ni historia ya mjini. Mkulima wa pamba wa Bariadi naye ana historia yake ya gazeti, na haijahakikiwa inavyostahili. Tunakusudia hapa kulizungumza gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoanza kutolewa Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wa mikoa ya Ziwa waliokuwa wametoka tu katika madarasa ya kisomo. Wakati huo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012.

Gazeti hilo lilikuwa na mizizi yake. Mwaka 1964, Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulipoanza, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba taifa lisiwasubiri watoto wakue ndipo lipate maendeleo. Watu wazima ndio waelimishwe kwanza. Mwaka 1968 mradi wa Kisomo chenye Manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza herufi kwa kusoma habari za kazi ya mikono yake mwenyewe. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 1975, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki asilimia 39. Lakini kusoma ni kama jembe, lisipolimiwa hushika kutu. Aliyemaliza kitabu cha pamba akakosa kingine cha kusoma alikuwa njiani kurudi alikotoka. Ndiyo maana lilitolewa gazeti la kila mwezi, kwa Kiswahili chepesi. Sifa hiyo hatuwezi kuliondolea.

Swali letu ni jingine: kusoma kulikuwa na maana gani kwa mkulima wa Usukuma? Jibu tulitafute kwenye mizani. Wakati wa mkoloni pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara wa kati, na mkulima asiyejua tarakimu alisimama mbele ya mizani kama kipofu. Alijua mzigo ulivyomwelemea kichwani njiani, lakini hakuweza kubishana na karani. Mapambano yalianzia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliwaweka wapimaji wao wenyewe vituoni wahakiki mizani ya mnunuzi. Kutokana na mapambano hayo, mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mkulima wa Kanda ya Ziwa, basi, alidai tarakimu kabla hajaletewa herufi, na alizidai kama silaha.

Silaha hiyo haikumtosha. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na ubadhirifu ulidhihirika. Mwanachama alikuwa amejifunza kumhakiki mfanyabiashara, lakini vitabu vya hesabu vya chama chake mwenyewe vilibaki vimefungwa kwake. Adui alikuwa amehama kutoka dukani kuingia ofisini.

Hapa ndipo udhaifu wa Elimu Haina Mwisho unapoonekana, na ni udhaifu wa muundo wake, hatuwalaumu waliolihariri. Lilikuwa chombo cha idara ya elimu ya watu wazima. Maarifa yalitoka kwa mtaalamu yakateremka kwa mkulima: panda mapema, palilia kwa wakati, ng'oa masalia ya pamba msimu ukiisha. Yote ni kweli, na asiyeyafuata huvuna funza. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka ya zao ikawa inanunua pamba moja kwa moja kutoka vijijini. Mkulima akapoteza mwakilishi aliyemchagua, hata kama mwakilishi huyo alikuwa mbovu. Ni wakati gani mwingine angehitaji zaidi gazeti la kuulizia bei imepangwaje na malipo yamekwama wapi? Gazeti la idara ya serikali halikuwa na mahali pa kusimama likaikosoa mamlaka ya serikali hiyo hiyo. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kukataza ubwana wa viongozi. Chombo cha kuwaumbua mabwana hao kijijini ndicho kilichokosekana. Sisi tunaofundisha siasa tunalifahamu darasa la namna hiyo, ambalo mwalimu husema na wanafunzi hunakili.

Wapo watakaosema mkulima alikuwa bado hajapevuka kwa kazi ya kukosoa. Hoja hiyo ni kasumba. Wasukuma walikuwa na vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu muda mrefu kabla ya kiwanda chochote cha uchapaji. Katika mashindano yao manju alimsema mtu hadharani kwa wimbo, na umati ukaamua nani ameshinda. Ukosoaji ulikuwepo, umepangwa, una wasikilizaji na una waamuzi. Gazeti lililojengwa juu ya msingi huo lingempata mwandishi kila kijiji. Badala yake mkulima wa Bariadi, hasa mama ambaye Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili, alitazamwa kama chombo kitupu.

Kulikuwa pia na suala la nyenzo. Gazeti lilichapwa Mwanza, na mtu wa Bariadi hana reli. Ya karibu hupita Malampaka, Maswa. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na kiwanda chetu cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi mwaka 1985. Gazeti linalotegemea msaada na karatasi ya nje haliwezi kuwa mali ya msomaji wake, hata likiandikwa vizuri namna gani.

Siku hizi Simiyu ina redio yake, Sibuka FM ya Maswa, na simu zimefika hadi mashambani. Mkulima anaweza kupiga simu akasikika wilaya nzima. Hata hivyo sauti hupita. Mkutano mkuu wa chama cha msingi unapofika, kinachowekwa mezani ni taarifa ya mapato na matumizi iliyoandikwa, na tungependa kujua, katika kila tawi, ni wanachama wangapi wameisoma kabla ya kunyoosha mikono kuipitisha.