Hilary Ng'weno wa Muthurwa: Sauti, Picha na Lugha katika Filamu Zake

Hilary Boniface Ng'weno alipofariki mjini Nairobi tarehe 7 Julai, 2021, tanzia nyingi zilimsifu kwa wingi wa kazi alizozishika. Alisoma fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, naye hajatimiza hata miaka thelathini. Akaandika riwaya ya upelelezi, The Men from Pretoria (1975). Akaanzisha majarida, gazeti, na kituo cha televisheni cha STV. Kisha uzeeni akawa mtayarishaji wa filamu za historia. Sifa hizo ni za haki. Lakini orodha ya kazi si uhakiki, na msomaji akiishia hapo atadhani kwamba Ng'weno alikuwa mtu wa kuruka kutoka tawi hadi tawi. Zikitazamwa kwa makini, kazi hizo aghalabu huonekana kuwa kazi moja, yaani kuwasimulia Wakenya siasa zao wenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ni sauti ya mzaha, iliyosikika katika safu yake ya gazetini na baadaye katika jarida la Joe, aliloanzisha pamoja na mchoraji Terry Hirst mwaka 1973. Joe ni mtu wa kawaida wa mjini, mwenye madeni na maneno mengi, anayecheka ili asilie. Sauti ya pili ni ya The Weekly Review, jarida lililotoka toka 1975 hadi 1999. Hii ni sauti kavu, yenye kupima kila neno. Jarida lilikuwa changa mno J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, na tangu hapo lilijifunza kusema mengi kwa kutaja machache. Wako waliouona upole huo kuwa ni woga. Hukumu hiyo ni nyepesi, kwani katika nchi ambamo mhariri aliweza kutiwa kizuizini, kuendelea kuchapa kila juma ni hoja pia.

Alipoingia katika filamu, Ng'weno alichukua sauti ya pili akaiacha ya kwanza. Mfululizo wake mashuhuri, The Making of a Nation, unaanzia mwaka 1957, ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na kufika 2007. Fani yake ni sahili: picha za kale za sinema na za magazeti zinapangwa kwa taratibu ya miaka, na juu yake msimulizi anazungumza kwa utulivu. Hamwambii mtazamaji ahuzunike wala akasirike. Panapotajwa kifo cha Tom Mboya cha 1969, utulivu huo una nguvu kuliko kilio, maana picha zenyewe zimekwisha kulia. Ustadi huu hautokani na chuo cha sinema. Ni ustadi wa mhariri ajuaye pa kukata. Na thamani yake kwa elimu ni kubwa: vijana waliozaliwa baada ya Mboya na J. M. walipata kuwaona wakitembea na kuzungumza.

Ila mfululizo huo una pengo, na pengo lenyewe linaonekana vizuri mtu akisimama Muthurwa. Ng'weno alikulia hapo, katika nyumba za wafanyakazi wa reli kando ya barabara ya Landhies, akasoma shule ya msingi ya St. Peter Claver's. Hapo jirani ndipo mgomo mkuu wa Mei 1950 ulipowatikisa wakoloni, baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Mitaa hiyo ya Eastlands ndiyo iliyompa Mboya sauti. Lakini filamu zimeelemea Bungeni na Ikulu. Kuli, mama wa sokoni na fundi wa reli wanapita nyuma ya viongozi kama umati wa kupiga makofi. Joe angaliwajua kwa majina.

Pengo la pili ni la lugha, nalo lawahusu wanaisimu moja kwa moja. Watu wa makabila mengi walikutana Muthurwa, na kilichowaunganisha ni Kiswahili. Abdulaziz na Osinde (1997) wanakitafuta chimbuko la Sheng katika mitaa hiyo hiyo ya Eastlands. Historia ya taifa, hata hivyo, ilisimuliwa kwa Kiingereza. Jambo hili si geni kwa Ng'weno. Gazeti lake la The Nairobi Times, la mwaka 1977, halikuwa na ndugu wa Kiswahili. Ndugu huyo, Kenya Leo, alikuja baada ya gazeti kununuliwa na chama cha KANU mwaka 1983 na kuitwa Kenya Times. Yaweza kudaiwa kwamba soko la matangazo ndilo lililoamua, na dai hilo lina ukweli. Lakini filamu hailazimiki kama gazeti. Picha zake zimekwisha kupatikana, na kilichobaki ni sauti tu ya kutiwa juu yake. Kazi hiyo yaweza kufanywa na idara yoyote ya Kiswahili yenye wanafunzi wa tafsiri na chumba cha kurekodia, mradi wenye hakimiliki waridhie. Swali gumu ni Kiswahili gani kitumike: kile sanifu cha taarifa ya habari, ambacho kingeufuata utulivu wa Ng'weno neno kwa neno, au kile cha Landhies, ambacho kingemrudisha Joe.