Rwenzori: Mlima Ulioandikwa na Mtu Asiyeupanda

Kuna kitabu cha mwaka 1908 ambacho wapenzi wa safari za milimani bado wanakitaja kwa heshima. Kinasimulia msafara wa Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyefika vilele vya Rwenzori mwaka 1906. Mwandishi wake ni Filippo De Filippi. Sasa sikia: huyo De Filippi hakuwamo kwenye msafara! Aliandika kwa kutegemea kumbukumbu za Duki na wenzake.

Sisemi hivyo kumcheka. Kitabu kimeandikwa kwa uangalifu, na picha za Vittorio Sella, ambaye yeye alikwenda, ukizitazama leo bado unasikia baridi. Shida yangu iko kwingine. Waongozaji walioletwa kutoka Courmayeur wana majina yao. Wapagazi, wakiwemo Wakonzo waliozaliwa chini ya mlima ule, ni kundi tu: wanabeba, wanatetemeka, wanarudishwa. Basi mtu ambaye hakuukanyaga mlima akawa msimulizi wake, na waliobeba mahema wakabaki bila sauti.

Hata ramani inasomeka hivyohivyo. Anzia mabondeni, ambako wapagazi walipita na kulala: Mobuku, Bujuku, Kitandara. Majina ya wenyeji. Panda juu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Kilele kikubwa kuliko vyote, mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Kwani huko juu hapakuwa na mwenyewe? Wakonzo wanayo Nzururu, yaani theluji, na wanaye Kitasamba, roho mkuu wa mlima. Huko kulikuwa na mwenyeji tangu zamani, ila hakuulizwa.

Ndiyo maana namthamini zaidi Tom Stacey, mwandishi wa habari Mwingereza, pamoja na udhaifu wake wa kujiweka katikati ya kila tukio. Mwaka 1954 alizunguka milimani akiongozwa na Isaya Mukirane, Mkonzo aliyekuwa akikusanya historia ya watu wake. Katika vitabu vingi vya safari, mwongozaji hutoweka ukurasa wa mwisho mgeni anapopanda meli. Mukirane hakutoweka. Mwaka 1962 alitangaza Rwenzururu, nchi ya theluji, na akawa mfalme wake. Mwaka uliofuata Stacey alirudishwa milimani kwenda kujaribu kusuluhisha na yule yule aliyekuwa mwongozaji wake. Kitabu chake cha 1965, *Summons to Ruwenzori*, kimetokana na safari hiyo. Nikisoma habari hizi huona mhusika akimnyang'anya mwandishi hadithi, na hadithi inapata uzito pale pale. Mukirane alifariki mwaka 1966, lakini serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009. Hadithi haikuwa ya Stacey tena.

Sasa soma vipeperushi vya utalii vya leo. Siku saba au nane za matope, lobelia ndefu kuliko mtu, kisha kamba na barafu hadi Margherita. Yote kweli, na kwa mtu mwenye mapafu mazima ni safari ya maana. Lakini lugha ni ile ya 1908: mlima wa siri, mlima usioguswa. Usioguswa na nani, jamani? Njiani kuna kibanda chenye jina la John Matte, Mkonzo aliyewapangia wapanda milima wapagazi wao kwa miaka mingi. Utalala humo, uagizwe uvue viatu vyenye matope, halafu uambiwe hakuna aliyepagusa!

Limeongezeka na jambo jipya: njoo kabla barafu haijaisha. Kweli inaisha, sehemu kubwa ya ile aliyoipiga picha Sella imekwishayeyuka. Ila kipeperushi kinaigeuza kuwa punguzo la mwisho wa msimu. Kwa mgeni inayoondoka ni mandhari. Kwa Mkonzo ni Nzururu yenyewe, jina lililomo ndani ya jina la ufalme wake. Mwandishi asiyeona tofauti hiyo hajafika Rwenzori, hata akiwa na picha yake kileleni.

Kitabu ninachokitamani ni cha mpagazi: mzigo una kilo ngapi, kidole kinauma vipi pale Bujuku, anamwambia nini mwanawe kuhusu theluji inayopungua. Kiwe kwa Kikonzo, au kwa Kiswahili kile kinachosemwa ng'ambo ya mlima, upande wa Beni. Wasomaji wa Kasese na Beni, wazee walioubeba mlima huo mgongoni bado wapo kwenu. Kaeni nao, mwandike, na majina yao myaweke kwenye jalada.